Sura ya Sita: Jina la Feruzi

Inspekta Jaafar Dzombo alikuwa na tabia moja iliyowachosha askari wenzake wa Kwale. Akipewa kesi ya kitu kilichoibwa au kuharibiwa, hakuuliza kwanza ni nani aliyefanya. Aliuliza kitu chenyewe ni nini. Kila mali ina adui yake, alikuwa akisema, na ukiijua mali vizuri adui atajitokeza mwenyewe. Alisema hivyo kwenye kesi ya injini ya mashua, akasema hivyo kwenye kesi ya mabati ya shule, na mara zote mbili akapatia. Sifa zikaenea, naye hakuzikataa.

Basi Jumatano asubuhi aliposimama ndani ya maktaba ya Chuo cha Ualimu cha Mwarimba, njia ya Msambweni, hakuwa na pupa ya kumshika mtu. Mbele yake mezani palikuwa na jarida nene la historia, la mwaka wa sabini na tatu, lenye jalada gumu jekundu. Halikuwa la chuo. Lilikuwa la chuo kikuu kimoja cha Nairobi, na Mwarimba walikuwa wameliazima tu. Katikati yake makala mazima yalikuwa yamekatwa.

Jaafar aliinama akaangalia mkato. Wembe ulipita umenyooka kama mstari wa daftari, kwa rula bila shaka, na kila ukurasa uliokatwa ulikuwa umeachiwa ukingo wa upana wa kidole karibu na mshono. Makala yalikuwa yameondoka kuanzia kichwa chake mpaka ukurasa wa mwisho, ule wa marejeo. Aliyaona yote hayo, akajisifu kimoyomoyo kwa kuyaona, kisha akaendelea na mengine. Laiti angetulia hapo kidogo!

Mkuu wa chuo, Bwana Gerishom, mtu wa bara mwenye mwili mkubwa na leso ya jasho isiyotoka mkononi, alimweleza mambo yalivyo. Nairobi wamekwisha kusema kwamba jarida lisiporudi zima, Mwarimba haitaazimwa tena hata kijitabu. Jarida lilikuwa likikaa katika kabati la kufungwa, na ufunguo wa kabati ni mmoja, anao mkutubi. Ijumaa bodi inakaa. Isipopatikana habari nyingine, mkutubi ataachishwa kazi na jambo litapelekwa mahakamani.

"Sipendi, afande," alisema Gerishom, "lakini ufunguo ni mmoja na mwenye ufunguo ni mmoja."

Mwenye ufunguo alikuwa amesimama pale pale akisikia. Bi Mwanarusi Bakari Feruzi, ndivyo mkuu alivyomtaja kwa ukamilifu, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye buibui nadhifu na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Ameilea maktaba ile tangu ilipokuwa rafu mbili katika chumba cha walimu. Hakujitetea kwa makelele. Alisema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyegundua mkato, Jumatatu, alipokuwa akilikagua jarida kabla ya kulifunga lirudishwe, na yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia mkuu. Waliokuwa wamelisoma ni wawili tu: mwanafunzi mmoja aitwaye Mathew, na Mwalimu Virginia, mhadhiri wa historia, ambaye ndiye aliyeomba liazimwe.

Mwalimu Virginia alikuwapo, amekaa kwenye kiti cha dirishani, macho mekundu. Darasa lake zima lilikuwa likiyategemea yale makala kwa mtihani, alisema, na sasa atawaambia nini wanafunzi. Jaafar alimwonea huruma, akamwambia ajikaze.

Alianza na Mathew, na asubuhi nzima ikaishia hapo. Katika sanduku la kijana lilipatikana wembe, naye alipoulizwa alibabaika mpaka jasho likamtoka. Kumbe wembe ni wa kuwanyolea wenzake nywele bwenini, jambo lililokatazwa na chuo, na hofu yake yote ilikuwa hiyo. Jaafar aliujaribu wembe ule kwenye gazeti la zamani. Ukaitafuna karatasi vibaya, ikatoka meno meno. Aliyekata jarida alitumia wembe mpya, na mkono wake haukutetemeka. Mathew akaambiwa arudi darasani, na nywele za wenzake aachane nazo.

Hapo ndipo Inspekta aliporudi kwenye kanuni yake. Makala yalikuwa yanasema nini? Virginia alijua kwa juujuu tu, mambo ya mashamba ya minazi ya zamani, akasema alikuwa hajapata nafasi ya kuyasoma kwa makini. Jaafar akamwendea mkutubi, akamuuliza kama kuna njia ya kuyapata makala yale mahali pengine.

Ungeuona uso wa Mwanarusi ulivyochangamka! Kwa muda alisahau kwamba anashtakiwa. Alimvutia Inspekta droo za kadi, akamwonyesha jinsi ya kutafuta kwa jina la mwandishi na kwa jina la jambo lenyewe. Akamtolea kitabu cha fahirisi ya majarida, akampitishia kidole kwenye herufi ndogo zinazosema kila jarida liko maktaba gani. Chanzo kimoja, alimweleza, humtaja mwenziwe, na huyo naye akamtaja mwingine. Kazi ya mkutubi ni kuwafuata hao mpaka nyumba ya mwisho. Jaafar alimwambia kwamba hivyo ndivyo na polisi wafanyavyo. Wakacheka wote wawili.

Nakala nyingine ilikuwa Mombasa, katika maktaba moja ndogo. Mwanarusi alipiga simu, akazungumza na mwenzake wa huko kwa salamu ndefu na maombi mafupi, na jambo likawa. Watazituma kurasa kwa faksi. Chuo hakikuwa na mashine ya faksi, kwa hiyo wakakubaliana zitumwe kwenye hoteli moja ya Diani ambako Jaafar alikuwa akijulikana na watu wa mapokezi.

"Zisome zote, Inspekta," Mwanarusi alimwambia akimsindikiza. "Usiruke kurasa, kama wafanyavyo wanafunzi."

Siku ya pili, Alhamisi, Jaafar aliketi kwenye ukumbi wa hoteli ile na rundo la karatasi za faksi zinazojikunja, watalii wakipita na taulo zao mabegani. Alizisoma zote, neno kwa neno, kama alivyoagizwa. Mwandishi alikuwa amezunguka pwani ya kusini akiwauliza wazee ni nani aliyeyapanda mashamba ya minazi, na baada ya watumwa kuachiwa huru walikwenda wapi. Karatasi ya nne ilimsimamisha. Palikuwa na habari ya mtu aitwaye Feruzi, aliyeletwa angali mtoto kutoka pande za Nyasa, akauzwa mara mbili, na baada ya uhuru wa watumwa akahamia Bodo, akafyeka, akapanda, akaoa. Msimulizi alitajwa chini ya ukurasa: Bakari, mwana wa Feruzi.

Mwanarusi Bakari Feruzi. Jaafar aliziweka karatasi chini, akaagiza chai kwa furaha. Lo! Alijiona fundi siku hiyo.

Kwani hakuhitaji kuelezwa na mtu. Yeye ni mzaliwa wa Msambweni, na Msambweni nzima ilikuwa ikijua kwamba Zainabu, binti wa mkutubi, amechumbiwa na kijana wa ukoo mmoja wa pale mjini, watu wanaohesabu mababu zao mpaka Arabuni na wasiochoka kuwahesabia wengine. Harusi ilikuwa imepangwa baada ya maulidi. Nyumbani kwa Jaafar mwenyewe, ikitajwa posa, mama yake hakuuliza msichana amesoma wapi. Aliuliza ni wa nani, na babu yake ni wa nani, na akijibiwa vibaya habari hiyo haikutajwa tena. Jaafar alilelewa katika maneno hayo. Alijua thamani ya ukurasa ule wa nne kwa sababu alijua yeye angeufanya nini kama ungekuwa na jina la babu yake.

Ufunguo mkutubi anao. Sababu anayo. Na ile ya kwenda mwenyewe kwa mkuu kuripoti aliihesabu kuwa ujanja. Ijumaa ilikuwa kesho yake. Akaiondoa Landrova hotelini, akashika njia ya Bodo, nyumbani kwa mkutubi, kwa maana chuoni walimwambia kwa simu kwamba Bi Mwanarusi ameomba ruhusa ya mchana.

Nyumba ilikuwa ya udongo iliyopakwa chokaa, ua umefagiwa na kunyunyiziwa maji. Kizingitini palipangwa makubadhi ya kiume, mapya mapya, jozi baada ya jozi. Mtu wa pwani akiyaona makubadhi ya namna ile mlangoni kwa mwenye binti, hata kama anadai au anadaiwa, hurudi zake akaja siku nyingine. Hilo halifundishwi na mtu. Jaafar aliyaona, akaelewa, akapiga hodi.

Mwanarusi alitoka amejifunga leso mpya, harufu ya iliki ikimfuata. Alimkaribisha kwa bashasha, akamwambia amekuja wakati mwema, wakwe wapo, kahawa ndiyo kwanza inamiminwa. Inspekta alijibu kwamba hakuja kwa kahawa, anataka maneno mawili pembeni. Akaingizwa katika chumba kidogo kilichotengwa na ukumbi kwa pazia tu. Ng'ambo ya pazia wanaume walikuwa wakizungumza juu ya siku ya kuleta vyombo, na mmoja alikuwa na kicheko kizuri cha mtu aliyeshiba.

Jaafar alitoa karatasi. Alianza kwa sauti ya chini, kama ilivyostahili. Lakini Mwanarusi alipovaa miwani yake, akaipokea ile ya nne na kuisoma huku anatabasamu, Inspekta aliona anachezewa, na sauti ikampanda.

"Bi Mwanarusi, tusifanyiane mzaha. Babu yako Feruzi alikuwa mtumwa. Yameandikwa hapa, na aliyeyasema ni baba yako mzazi. Ukaona watu wa Msambweni watayajua, ukakata."

Ng'ambo ya pazia kicheko kilikatika. Kikombe kiliwekwa kwenye sinia, kikalia.

Mwanarusi hakuligeukia pazia. Soni ilimpanda usoni waziwazi, ikamshuka mpaka shingoni, na Jaafar alipoiona akadhani ndiyo kukiri kwenyewe. Mwanarusi alikunja karatasi, akamrudishia.

"Karatasi hizi nimekutafutia mimi, Inspekta."

"Naam, lakini..."

"Ningoje nimalize. Yule mtafiti alipokuja kwa baba, mimi ndiye niliyekuwa nikiwapikia chai. Nilimsikia baba akilitaja jina la babu, yule bwana akaandika. Nikajua limo katika kitabu fulani, nisijue kipi. Nimelitafuta tangu ningali msichana. Nimesomea kazi hii kwa ajili yake. Mwalimu Virginia alipotaka habari za mashamba, mimi ndiye niliyemwambia aombe jarida lile." Sauti yake haikupanda. "Babu hana hati ya shamba wala hana jiwe kaburini. Jina lake halikuandikwa pengine popote duniani isipokuwa hapo. Niukate ukurasa huo niupeleke wapi?"

Jaafar alitazama pazia. Aliuliza, kwa sauti ambayo sasa ilikuwa ndogo sana, kama wageni walikuwa wakijua.

"Hao ningewaambia mimi, kwa maneno yangu, siku niliyoichagua mimi," alisema Mwanarusi. "Wewe umenichagulia."

Masikio yalimwaka moto. Hakuwa na pa kuweka macho, akayaweka kwenye zile karatasi za faksi, akazigeuza moja moja ili tu mikono iwe na kazi. Ndipo akili ilipomrudi, baada ya kuchelewa sana. Mtu anayeona haya kwa jina moja huchana ukurasa mmoja, akautia motoni. Aliyekata jarida alichukua makala yote, pamoja na marejeo, na marejeo hayana aibu ya mtu yeyote. Ni majina ya vitabu. Anayeyataka ni msomaji, na wasomaji walikuwa wawili tu. Tena alipima kwa rula, akabakiza ukingo. Ukingo ule ni wa kupakia gundi. Aliyekata alikuwa na nia ya kuzirudisha kurasa.

Yote hayo yalikuwa wazi tangu Jumatano, mezani, mbele ya macho yake. Aliyatazama akayapita, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuwa hodari.

Aliomba radhi. Mwanarusi aliitikia kama mtu anavyoitikia salamu, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote, maana mgeni ni mgeni. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alikuwa amekwisha kutoka nje kabla yao. Alikuwa akivaa makubadhi yake.

Jua lilikuwa bado liko juu Inspekta alipofika Ukunda, kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga alikokaa Mwalimu Virginia. Alifungua mwenyewe, chaki bado iko vidoleni. Jaafar hakukaa.

"Mwalimu, gundi umenunua?"

Virginia alimtazama, kisha akaketi kitandani polepole.

"Nilinunua," akasema.

Mengine yalitoka bila kuvutwa. Mashine ya fotokopi ya chuo ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Jarida haliruhusiwi kutoka nje ya maktaba. Wanafunzi wanamwandama, mtihani unakuja. Alhamisi ya wiki iliyopita Bi Mwanarusi alikwenda kuswali alasiri, akamwachia jarida mezani kwa vile anamwamini, na yeye akaona ni jambo dogo: atakata vizuri, atapeleka Ukunda kwa fotokopi, Ijumaa atabandika, hakuna atakayejua. Wenzake wengi wamefanya hivyo katika vyuo vingine, na vitabu bado viko. Ijumaa hiyo Ukunda nzima haikuwa na stima. Umeme uliporudi jarida lilikuwa limefungiwa kabatini, na Jumatatu Bi Mwanarusi alitangulia kulifungua.

Aliinua godoro. Chini yake palikuwa na karatasi mbili ngumu zimefungwa kwa uzi, na katikati yake kurasa zimelala.

"Hizi karatasi ziko sawa, afande. Hakuna hata moja imekunjika."

"Mbona hukusema?"

Virginia alizifunga tena, ingawa hakuna aliyemwambia azifunge. Alisema yeye ni mtu wa bara. Tangu zile vurugu za mwaka jana za kuwafukuza watu wa bara, kitu kikiharibika huku macho yote yanawageukia wao, na wenzake wengine walifungasha wakarudi kwao. Aliogopa. Kila asubuhi alikuwa akijiambia leo nitasema, na kila asubuhi akimwona Bi Mwanarusi anamsalimia vizuri, mdomo unakuwa mzito.

"Na yeye ni mtu wa hapa," alimalizia. "Nilijua hawezi kuguswa."

"Ameguswa," alisema Jaafar.

"Na nani?"

"Na mimi."

Virginia alianza kulia. Inspekta alisimama pale na jalada la kesi mkononi, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakuona raha ya kumpata aliyemtafuta. Alimwambia tu kwamba kesho atasema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya mkuu na mbele ya mkutubi.

Akasema. Ijumaa asubuhi, ofisini kwa Gerishom, Mwalimu Virginia alisimama na kuyaeleza yote bila kujipunguzia, hata pale pa kumwacha mwenzake abebe lawama siku zote zile. Gerishom alijipangusa uso mpaka leso ikawa haifai. Alimwomba radhi Bi Mwanarusi kwa maneno mengi yaliyokanyagana, akasema bodi haitamgusa, ufunguo ni wake na kabati ni lake, na ya Mwalimu Virginia yatatazamwa. Kisha akashusha sauti, akapendekeza kwamba kwa ajili ya jina la chuo habari hizi zisitoke nje ya chumba. Akamgeukia Jaafar, akamshika mkono kwa nguvu, akamwambia kazi yake ni safi sana, ameokoa jina la mtu. Jaafar alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwanarusi aliuliza jambo moja tu. Aliuliza kama anaweza kupewa kurasa.

Inspekta alimkuta baadaye maktabani, peke yake, jarida limefunguliwa kwenye meza ndefu. Alikuwa akipaka gundi ukingoni kwa brashi ndogo, ukurasa mmoja baada ya mwingine, akiupangusa kila mmoja kwa kitambaa. Jaafar alivuta kiti lakini hakukikalia. Aliuliza habari za wakwe.

"Waliondoka," alisema Mwanarusi. "Kahawa ilibaki kwenye vikombe."

"Wamesema watarudi?"

"Wamesema watatuletea habari."

Wote wawili walijua maana ya maneno hayo. Aliuliza Zainabu anaendeleaje. Mwanarusi alisema yuko kwa shangazi yake, na hakuongeza.

Jaafar hakuweza kustahimili. Alisema wale ni watu wa kwao Msambweni, anawajua tangu utotoni, baba zao walikuwa wakiswali safu moja. Atakwenda leo hii, baada ya swala ya Ijumaa, azungumze nao.

"Utawaambia nini, Inspekta? Kwamba si kweli?"

Alisema hapana, hatasema hivyo. Atawaambia kwamba zama hizo zimekwisha. Atawaambia binadamu ni mmoja, na mambo ya nani alikuwa wa nani hayana maana tena kwa Mwislamu wala kwa mtu mwenye akili, na kijana akimpata msichana kama Zainabu amshukuru Mola wake. Alisema kwa hamasa, mkono ukienda hewani, na kila neno lilikuwa zuri.

Mwanarusi aliiweka brashi chini. Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu Bodo.

"Wewe una kijana wa kuoa?"

"Ninao wawili," alijibu Jaafar.

Mwanarusi aliendelea kumtazama kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu, akarudi kwenye gundi yake. Ukurasa wa nne ulikuwa unangoja. Aliulaza mahali pake, akaubana kwa kiganja.

Jaafar alisimama akilisubiri swali la pili. Alijua ni lipi, na alijua mama yake yuko nyumbani Msambweni, mzima, na ulimi wake mzima. Swali halikuja. Mwanarusi hakuliuliza. Na Inspekta akajikuta ameshusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa hilo, kimoyomoyo, kabla hajatambua ni kitu gani anachokishukuria. Alipotambua aliaga bila kuinua macho, akatoka, na Msambweni siku ile hakwenda.